Konsoli ya Gemu Ughaibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umeme, Runinga na Kufuli la Kanda

Anayehama nchi na konsoli yake, au anayeagiza konsoli kutoka nje, huuliza swali moja tu: itafanya kazi? Ndani ya swali hilo mna matatu. Je, itapata umeme unaoifaa? Je, runinga ya huko itaielewa picha yake? Na je, itakubali diski na kaseti zinazouzwa huko, au ina kufuli la kanda, yaani kizuizi cha kucheza gemu za eneo jingine? Majibu yake hayategemeani. Konsoli inaweza kuwaka vizuri bila kutoa picha, au kutoa picha safi kisha ikakataa diski. Tunaanza na umeme kwa sababu hapo ndipo mashine inapoweza kufa kwa sekunde moja. Hayo mengine yanasubiri.

## Umeme

Nitajuaje kama konsoli yangu inaweza umeme wa nchi ninayokwenda?

Igeuze usome lebo. Kama ina adapta ya nje, yaani lile boksi zito kwenye waya, lebo ya kusoma ni ya adapta, si ya konsoli. Tafuta neno INPUT. Ukikuta "100-240V ~ 50/60Hz", inakubali karibu umeme wote wa majumbani duniani, na utakachohitaji ni plagi tu. Ukikuta "100V" peke yake, imetengenezwa kwa ajili ya Japani. "120V" ni ya Marekani na Kanada. "220-240V" ni ya Ulaya, sehemu kubwa ya Afrika na sehemu kubwa ya Asia.

Usikubali kuambiwa na mtu kwamba "modeli hiyo haina shida". Watengenezaji wamekuwa wakibadilisha sehemu za umeme ndani ya modeli ileile kadiri miaka ilivyokwenda, kwa hiyo mashine mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana ndani. Lebo ya mashine uliyoishika mkononi ndiyo ya kuamini.

Umeme unatofautiana kiasi gani kati ya nchi na nchi?

Kuna volti na kuna hezi, yaani idadi ya mizunguko ya mkondo kwa sekunde. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Ulaya ni volti 230 na hezi 50. Korea Kusini ni volti 220 lakini hezi 60. Brazili ina volti 127 sehemu nyingine na 220 sehemu nyingine, zote kwa hezi 60, kwa hiyo huko inabidi uulize hata ukihama mji ndani ya nchi ileile.

Japani ni volti 100 nchi nzima, ila upande wa mashariki, ikiwemo Tokyo, ni hezi 50, na upande wa magharibi, ikiwemo Osaka, ni hezi 60. Chanzo chake ni mitambo ya kwanza ya kuzalisha umeme iliyoagizwa mwishoni mwa karne ya 19: Tokyo walichukua ya Kijerumani, Osaka wakachukua ya Kimarekani, na mgawanyiko huo upo hadi leo.

Adapta ya plagi inabadilisha volti?

Hapana. Inabadilisha umbo la meno tu. Umeme unaotoka ukutani unapita vilevile ulivyo.

Konsoli zipi hazina tatizo la volti?

Kwa jumla, za karibuni. Adapta ya Nintendo Switch imeandikwa 100-240V. Xbox One S, One X na Series X na S zina sehemu ya umeme ndani inayokubali volti zote, na PlayStation 4 na 5 nazo huwa hivyo. Chaja ya PSP ilikuwa hivyo tangu zamani.

Wasiwasi uanze ukirudi nyuma: PlayStation ya kwanza, Nintendo 64, GameCube, Wii, Wii U, Xbox ya kwanza na Xbox 360. Hizi kwa kawaida zilitengenezwa kwa volti za eneo zilikouzwa. PlayStation 2 na 3 ziko katikati. Baadhi zinakubali zote na baadhi hazikubali, kwa hiyo hapo lebo ndiyo inayoamua.

Konsoli yangu ni ya volti 120 na nimeshaichomeka kwenye 230. Imetoa mlio na kuzima. Nimeipoteza?

Pengine hapana. Ichomoe na usijaribu tena "kuona kama itawaka". Kama ina adapta ya nje, mara nyingi adapta ndiyo iliyoungua na konsoli yenyewe ikanusurika. Tafuta adapta sahihi ujaribu. Kama sehemu ya umeme iko ndani, kinachoungua kwanza kwa kawaida ni fyuzi pamoja na kile kijidude kinachowekwa kuzuia volti zisipande ghafla. Fundi wa elektroniki anaweza kuvibadilisha vyote viwili, au akaweka bodi nzima ya umeme kutoka kwenye mashine nyingine ya modeli hiyo.

Usiifungue mwenyewe kama hujawahi kufanya kazi hiyo. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomoa waya.

Na nikifanya kinyume, ya volti 230 kwenye 120?

Hapo hatari ni ndogo. Aghalabu haiwaki, au huwaka ikazima diski inapoanza kuzunguka. Utahitaji transfoma ya kupandisha volti.

Ninunue transfoma ya ukubwa gani?

Soma wati au ampea kwenye lebo, kisha ongeza angalau nusu yake. Ukikuta volti na ampea bila wati, zizidishe: volti 120 mara ampea 2 ni wati 240. Mashine za kaseti hula kidogo sana. Super Nintendo haifiki wati 20, kwa hiyo transfoma ndogo ya wati 50 inaitosha. Xbox 360 ya mwanzo ni jambo jingine: adapta yake ilitoa hadi wati 203, na kabla ya kuzitoa ilivuta zaidi kutoka ukutani. Hiyo ipe transfoma ya wati 400 au 500.

Nina neno la kusisitiza hapa. Madukani kuna "kibadilisha volti cha msafiri", chepesi, kinachotoshea kiganjani, na kinadai kubeba wati 1,600. Hicho kimetengenezwa kwa ajili ya vifaa vya kupasha joto kama vikausha nywele. Kinakatakata mawimbi ya umeme, na vifaa vya elektroniki havivumilii umeme wa namna hiyo. Transfoma halisi ina uzito, kwa sababu ndani yake kuna chuma na nyaya za shaba. Ukiambiwa kidude chepesi kinaweza konsoli kubwa, kirudishe.

Transfoma inabadilisha hezi pia?

Haibadilishi. Konsoli zenye sehemu ya umeme ya kisasa hazijali, kwa kuwa huugeuza umeme wote kuwa mkondo mnyoofu kwanza. Zinazojali ni zile adapta nzito za zamani zenye transfoma ndani. Iliyopimwa kwa hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 hupata joto zaidi ya ilivyokusudiwa, hata kama volti ni sahihi. Ndiyo maana kwa mashine za miaka ya 1980 na 1990 napendekeza kuiacha adapta ya asili na kutafuta nyingine inayolingana inayouzwa huko uliko.

Adapta "inayolingana" maana yake nini hasa?

Sasa unasoma neno OUTPUT. Angalia volti. Angalia kama ni AC, yaani mkondo geu, au DC, yaani mkondo mnyoofu. Ampea ziwe sawa au zaidi. Zikizidi hazidhuru, kwa sababu mashine huchukua inachohitaji. Kisha angalia mchoro mdogo wa duara wenye alama za + na −, unaoonyesha kama katikati ya pini ni chanya au hasi. Umbo la pini ndilo la mwisho kuangaliwa, maana pini kuingia vizuri si dalili kwamba umeme ni sahihi.

Nintendo ni mfano mzuri wa hatari hiyo. Famicom na Super Famicom za Japani hutumia volti 10 DC, katikati hasi. NES ya Marekani ilikuja na adapta ya volti 9 AC. NES inakubali AC na DC kwa sababu ina kinyoosha mkondo ndani, lakini Famicom na Super Famicom hazina, na ukizipa AC unaziunguza. Super Nintendo ya Ulaya nayo ni volti 9 AC, ilhali ya Marekani ni volti 10 DC na ina pini yake ya pekee. Kwa hiyo mtu mwenye Super Famicom akinunua adapta iliyoandikwa "ya Super Nintendo" huko Ulaya, anaiua mashine yake huku akiamini amenunua kitu sahihi.

Sega nao: Mega Drive ya kwanza ni katikati hasi, ya pili ni katikati chanya. Jina moja, kampuni moja, umeme umegeuzwa.

Nyingine ni rahisi zaidi. Adapta ya Nintendo 64 huchomolewa nzima nyuma ya mashine, kwa hiyo unanunua ile ya eneo ulilopo na kuisukuma mahali pake. GameCube huhitaji volti 12 na ampea 3.25, Wii volti 12 na ampea 3.7, Wii U volti 15 na ampea 5, zote DC, na kinachotoka ni kilekile dunia nzima. Upande wa ukutani ndio unaotofautiana.

Mashine ya Japani ya volti 100 naweza kuichomeka moja kwa moja Marekani?

Wengi hufanya hivyo na mashine zao zinaendelea kuwaka. Hata hivyo volti 120 ni moja ya tano zaidi ya 100, na ziada hiyo hugeuka joto ndani ya adapta na ndani ya konsoli. Kwa mashine yenye umri wa miaka 30, ambayo kapasita zake zimeshachoka, mimi nisingeichomeka. Transfoma ya kushusha 120 hadi 100 ni ndogo na inapatikana kwa urahisi.

Sina adapta ya nje, waya unaingia nyuma ya konsoli. Lazima nitumie adapta ya plagi?

Huhitaji, na ni afadhali usitumie. Kama lebo inasema 100-240V, badilisha waya tu. PlayStation 2, 4 na 5 kwa kawaida hutumia waya ule mwembamba wenye tundu la umbo la namba nane, ambao hutumika pia kwa redio na printa. PlayStation 3 ya mwanzo hutumia waya wa matundu matatu, sawa na wa kompyuta ya mezani. Waya wenye plagi ya nchi uliyopo hukaa imara ukutani kuliko adapta inayoning'inia.

Konsoli za mkononi je?

Hizi ndizo rahisi kuliko zote. Game Boy ya kwanza inatumia betri za kawaida. DSi na 3DS zilikuja na chaja za eneo moja moja, lakini waya wa USB wa kuzichaji unauzwa, na ukiuchomeka kwenye chaja ya simu suala la volti limekwisha. Switch huchajiwa kwa USB-C, ila ile stendi yake ya kuunganishia runinga inadai volti 15, na chaja nyingi za simu hazizifikishi. Ikichaji mkononi lakini ikakataa kwenda kwenye runinga, sababu ni hiyo.

## Picha

NTSC, PAL na SECAM ni nini?

Ni njia tatu za kutuma picha ya rangi katika runinga za analogi. NTSC iliidhinishwa kwa rangi Marekani mwaka 1953: mistari 525, nusu-picha karibu 60 kwa sekunde (kila picha hutumwa kwa mafungu mawili ya mistari). Japani, Korea Kusini na nchi kadhaa za Amerika waliifuata. PAL ilibuniwa Ujerumani Magharibi na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, ikaanza kurushwa hewani mwaka 1967: mistari 625, nusu-picha 50 kwa sekunde. Mwaka huohuo Ufaransa ilianza na SECAM yake, nayo ya mistari 625 na 50 kwa sekunde, lakini yenye njia tofauti kabisa ya kubeba rangi.

Brazili ilichukua rangi za PAL ikaziweka kwenye mistari 525 na hezi 60, mfumo unaoitwa PAL-M. Mtu anayekwenda Brazili na konsoli ya PAL ya Ulaya hukuta majina yanafanana na picha haikai.

Konsoli yangu ina HDMI. Haya yananihusu?

Karibu hayakuhusu hata kidogo. HDMI haina PAL wala NTSC; inatuma picha ya dijitali ya 720p, 1080p au 4K, mara nyingi kwa hezi 60, na runinga za kisasa kila mahali zinaipokea. Kuanzia PlayStation 3 ya mwaka 2006 kuja mbele, ukitumia HDMI, tatizo la picha limekwisha.

Kuna kasoro moja. Baadhi ya runinga zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hukataa picha ya hezi 50 hata kupitia HDMI. Konsoli ya Ulaya ikipangwa kutoa hezi 50, au ikiwa inacheza gemu ya zamani ya hezi 50, runinga ya namna hiyo itaandika kwamba haina picha. Kabla ya kuhama, ingia kwenye mipangilio ya konsoli uiweke hezi 60. Ni rahisi kufanya hivyo ukiwa unaiona skrini.

Nimeunganisha konsoli ya zamani, picha inaonekana bila rangi. Imeharibika?

Haijaharibika. Picha iliyotulia bila rangi ina maana runinga imekubali mistari na kasi, lakini haielewi namna rangi zilivyobebwa. Picha inayoviringika juu chini ina maana kasi ndiyo inayogombana: 50 dhidi ya 60. Na kama hakuna kitu, angalia kwanza umechagua tundu gani kwenye runinga.

Runinga nyingi za Ulaya tangu miaka ya 1990 zinaelewa NTSC zikiletewa kwa ile kebo ya njano au kwa SCART, ile plagi pana ya runinga za Ulaya. Runinga za zamani za Marekani na Japani, kinyume chake, kwa kawaida hazielewi PAL. Hivyo kuhama na konsoli ya Marekani kwenda Ulaya ni rahisi kuliko kurudi upande wa pili.

Famicom yangu ya Japani inatoa picha kwa kebo ya antena tu. Naipata chaneli gani?

Inarusha kwenye chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, ambayo masafa yake ni karibu megahezi 91 na 97, pale ambapo nchi nyingi huweka redio za FM. Kwenye runinga ya Marekani yenye kipokezi cha kebo, itafute chaneli ya 95 au 96. Kwenye runinga ya Ulaya uwezekano wa kuipata ni mdogo, na hata ikipatikana, sauti haitakaa sawa. Suluhisho la kudumu ni kumpa fundi aiwekee tundu la kebo ya njano; ni kazi inayojulikana na haigharimu vipuri vingi.

Ni kweli gemu za PAL zilikuwa polepole?

Ni kweli, na waliokulia Ulaya wengi hawakujua mpaka walipoiona ya Japani au ya Marekani. Gemu za wakati huo zilihesabu mwendo kwa nusu-picha. Iliyoandikwa kwa 60 ikiendeshwa kwa 50 bila marekebisho hupoteza moja ya sita ya kasi yake, muziki nao ukivutika. Sonic the Hedgehog ya kwanza kwenye Mega Drive ya Ulaya ni mfano mashuhuri. Na kwa kuwa PAL ina mistari mingi zaidi ambayo gemu haikuijaza, paliachwa utepe mweusi juu na chini, na picha ikabonyea.

Mambo yalibadilika na Dreamcast ya Sega, ambayo gemu zake nyingi za Ulaya zilimuuliza mchezaji mwanzoni: 50 au 60? GameCube na Xbox zikafuata. Kama unakusanya mashine za zamani na una uhuru wa kuchagua, chukua za hezi 60. Kile ambacho waliotengeneza gemu walikikusudia utakiona huko.

Nimeambiwa SCART ndiyo njia bora kwa mashine za zamani. Kebo yoyote inafaa?

Ni njia bora kweli, kwa sababu inaweza kubeba nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye waya wake, na hapo ugomvi wa rangi kati ya PAL na NTSC hautokei. Kinachobaki ni 50 au 60 tu.

Ila kuwa mwangalifu na kebo za Japani. Japani walikuwa na mfumo wao wa RGB, yaani wa rangi hizo tatu kwenye nyaya tofauti, unaotumia plagi ya pini 21 yenye umbo lilelile la SCART, lakini pini zimepangwa tofauti. Inaingia bila kulazimishwa, na inaweza kupeleka volti mahali pasipostahili na kuharibu runinga au konsoli. Muulize muuzaji waziwazi: hii ni SCART ya Ulaya au ni ya Japani? Asipojua, usinunue.

Pia konsoli yenyewe inaweza kuwa na masharti yake. GameCube ya Ulaya inatoa RGB lakini haitoi S-Video, njia inayotenganisha mwangaza na rangi. Za Marekani na Japani zinatoa S-Video lakini hazitoi RGB. Kebo ikikataa, huenda haina kosa.

Runinga mpya haina tundu la njano wala SCART. Ninunue kile kiboksi cha bei ndogo?

Kitakupa picha. Lakini mashine za kaseti nyingi hutuma picha ya mistari 240 kamili, na viboksi vya bei ndogo huichukulia kama 480 iliyogawanywa, matokeo yake ni ukungu, vivuli vinavyopepesa na kuchelewa kati ya kidole na skrini. Kwa gemu za kuruka na kupigana, ucheleweshaji huo unaua raha yote. Vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, kama OSSC na familia ya RetroTINK, vinaielewa picha hiyo na kuikuza bila kuichelewesha kwa namna unayoweza kuihisi. Vina bei, na ninaamini ndipo pesa za mpenzi wa mashine za zamani zinapostahili kwenda. Vyovyote utakavyochagua, washa hali ya gemu kwenye runinga yako.

Usisahau kwamba OSSC haibadilishi 50 kuwa 60. Runinga isiyokubali hezi 50 itaendelea kukataa.

Nihame na runinga badala yake?

Kwa konsoli tu, inawezekana, mradi lebo yake ya umeme inaruhusu. Lakini kipokezi chake cha matangazo huenda kisifae: Marekani wanatumia ATSC, Japani na Brazili ISDB-T, Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika DVB-T au T2.

## Kufuli la kanda

Umeme na picha viko sawa, lakini diski inakataliwa. Kwa nini?

Kwa sababu mtengenezaji alitaka hivyo. Tofauti na umeme na runinga, hakuna ulazima wowote wa kifizikia hapa. Ni uamuzi wa kibiashara uliowekwa ndani ya mashine. NES ilikuwa na chipu iliyosalimiana na chipu ndani ya kaseti, na zisipoelewana mashine inajizima na kuwaka tena bila kikomo. Super Nintendo iliongeza umbo: kaseti za Marekani ni za mraba mraba, za Japani zimeviringwa, na ndani ya tundu kuna vijino vya plastiki vya kuzuia.

PlayStation ya kwanza na ya pili, Saturn, Dreamcast, GameCube, Xbox ya kwanza, Wii, Wii U na 3DS zote zina kufuli. Xbox 360 inategemea gemu. Game Boy za aina zote, DS ya kwanza, PSP na PlayStation Vita hazina kwa gemu zake za kawaida. PlayStation 3 haina, isipokuwa gemu chache sana, maarufu ikiwa Persona 4 Arena. PlayStation 4 na 5, Xbox One na zilizofuata, na Switch ziko wazi.

Switch 2 nayo iko wazi?

Kwa kawaida ndiyo, ila kuna toleo la kuangaliwa. Japani kuna Switch 2 ya bei nafuu, iliyoanza kuuzwa Juni 2025 kwa yeni 49,980, ambayo lugha yake ni Kijapani peke yake, na inakubali tu akaunti ambazo nchi yake ni Japani. Bei inashawishi. Kama husomi Kijapani, usiinunue ukidhani utaibadilisha baadaye.

Kama gemu zimefunguliwa, filamu nazo?

Hapana. Filamu za DVD na Blu-ray zina kanda zake, na konsoli huziheshimu hata kama gemu ziko wazi. Kwa Blu-ray, A ni Amerika zote, Japani na Korea. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni China, Urusi na India. PlayStation 5 ya Marekani itacheza gemu ya Uingereza bila neno na huenda ikakataa filamu iliyonunuliwa duka lilelile.

Nimenunua gemu ya diski huku, nyongeza zake mtandaoni hazionekani. Kwa nini?

Hili ndilo linalowaudhi wengi siku hizi. Kwenye PlayStation, nyongeza lazima itoke kwenye duka la kanda ileile ya diski. Diski ya Ulaya na nyongeza ya duka la Marekani hazitambuani, japo jina ni moja. Angalia ubavu wa kasha kabla ya kulipa.

Nibadilishe nchi ya akaunti?

Nintendo inaruhusu, mradi salio lako liwe limekwisha. Xbox inaruhusu pia, kwa kuacha miezi mitatu kati ya badiliko moja na jingine. PlayStation hairuhusu: nchi uliyochagua siku ya kwanza inabaki, na ukitaka duka la nchi nyingine unafungua akaunti nyingine. Gemu ulizonunua kwa akaunti ya kwanza hazipotei, unaweza kuweka akaunti zote mbili kwenye konsoli moja. Kadi za zawadi zinafuata nchi ya akaunti, haijalishi uko wapi kimwili.

Konsoli haioni Wi-Fi ya nyumba mpya, simu inaiona. Kufuli jingine?

Si kufuli, ingawa chanzo ni sheria za nchi. Marekani, Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hutumia chaneli 1 hadi 11. Ulaya na Japani huenda hadi 13. Konsoli iliyonunuliwa Marekani huenda isisikilize kabisa chaneli ya 12 na 13. Ingia kwenye ruta, iweke chaneli ya 1, 6 au 11, na konsoli itaiona.

Kadi zangu za kumbukumbu zitafanya kazi kwenye konsoli ya kanda nyingine?

Kadi yenyewe ndiyo, data iliyomo si lazima. Kwenye PlayStation ya kwanza na ya pili, kila gemu huhifadhi kwa namba yake ya toleo, na toleo la Japani, la Marekani na la Ulaya kila moja lina namba yake. Kadi itasomwa, faili utaliona kwenye orodha, lakini gemu ya kanda nyingine haitalitambua. GameCube ina hatari zaidi: kadi iliyotayarishwa kwenye mashine ya Japani, ikiwekwa kwenye ya Marekani, huonekana kama imeharibika na mashine huomba ruhusa ya kuifuta. Kataa, itoe, na uweke kadi nyingine kwa ajili ya mashine hiyo.